Kitabu cha Matanga ya Baba

Vihiga,
14 Aprili 2024

Mwanangu Ayuma,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumai hujambo na Komarock nzima haijambo. Mimi niko mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeanza kunitabiria mvua, na mwaka huu halijakosea hata siku moja. Mahindi yameota vizuri. Ng'ombe wa jirani amekula mistari miwili, nikamwambia mwenyewe kwamba akirudia nitamla huyo ng'ombe. Tulicheka, lakini alijua sikuwa natania.

Usishangae kupata barua na wewe una simu mbili. Hapa mtandao unashika nikisimama nyuma ya choo cha kanisa, na pale si mahali pa kuongea mambo ya maana. Tena kwenye simu wewe husema, "Mama nitakupigia," halafu hupigi. Barua huwezi kuikata. Nimempa Irungu wa ofisi ya basi pamoja na ndizi, karanga na mboga za kienyeji. Ndizi za juu ni zako. Za chini mpelekee Kavutha kule Dandora, jirani aliyetupikia wiki nzima hawezi kusahaulika.

Sasa nisikilize. Baba yako ana miezi mitano tangu tumlaze. Watu wa huku nyumbani nimeshawashukuru, walikula wakashiba na wengine wakabeba. Wa Nairobi bado. Wale walikaa nasi Dandora jioni saba mfululizo, wakachanga, wakakodi basi, wengine wakafika hadi kaburini. Nimeamua Jumamosi ya tarehe 16 Novemba, mwaka ukitimia, niwaite wote kwenye uwanja wa kanisa pale Dandora, niwapikie, nisimame mbele yao niwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Hapo ndipo nitakapovua hiki kitambaa cheusi. Baada ya hapo nataka kuishi Dandora tena, kati ya watu hao hao, na siku yangu ikifika wanibebe vile walivyombeba yeye. Huo ndio mpango wangu wote uliobaki duniani.

Kwa hivyo nataka kitabu cha matanga. Kile kikubwa chenye jalada la kijani, ambacho Patrobas, mwenzake baba yako wa kiwandani, alikipiga mistari kwa rula. Tulipofunga nyumba ya Dandora wewe ndiye uliyekibeba. Watu arobaini na watatu waliandika humo jina, namba ya simu, na neno moja la jinsi walivyomjua baba yako. Sikuwahi kukisoma, macho yalikuwa yamejaa. Mpe Irungu akilete kwa basi la Ijumaa.

Ile chai uliyonitumia nimeinywa siku mbili. Ni chungu sana. Majani nimewapa kuku, nao wamekataa.

Mama yako


Komarock,
2 Mei 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa goti. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Ndizi zilifika zikiwa tamu. Za Kavutha nitampelekea mvua ikipungua.

Najua umesikia redioni habari za mafuriko. Ploti ya chini yetu watu walihamisha magodoro usiku. Kitabu kiko salama, nimekifunga kwa nailoni nikakiweka juu ya kabati. Ila mabasi wiki hizi yanakwama na mizigo inalowa, sitaki kukihatarisha. Ngoja barabara zikauke.

Nina habari njema. Nimeacha kusuka. Miaka sita nimesimama juu ya vichwa vya watu, miguu inavimba, na mwisho wa mwezi anayevuna ni landilodi. Sasa niko na Jacky. Unamkumbuka, yule niliyesoma naye, aliyeomba kwenye matanga jioni ya tatu hadi watu wakalia. Kampuni inaitwa Neemaline. Wanatengeneza chai ya kusafisha damu, vidonge vya mifupa, na mafuta ya viungo. Hukai dukani ukingoja wateja. Unaleta watu, nao wanaleta watu, na kila anayenunua chini yako nawe unapata kidogo. Jacky husema hii si biashara, ni familia inayokua.

Najua unachotaka kusema. Usiseme bado. Nipe hadi Desemba, kisha useme kama sitakuwa nimeweka mabati mapya juu ya nyumba yako.

Nimekutumia vidonge vya goti. Meza kimoja asubuhi na kimoja jioni, na tafadhali usiwape kuku.

Binti yako,
Ayuma


Vihiga,
9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Vidonge nimemeza wiki mbili na goti linaendelea na kazi yake ya utabiri kama kawaida.

Barabara zimekauka hadi vumbi limeanza kutuingia puani, na kitabu hakijafika. Nimemwuliza Irungu kila Ijumaa mpaka sasa akiniona hujifanya anahesabu mizigo.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kuchekesha. Nilipata ujumbe kwenye simu: "Hongera Muhonja, umepanda hadi daraja la Shaba. Timu yako inakua." Nikajua ni wezi wa simu, nikaufuta. Baada ya wiki mbili ukaja mwingine, eti sasa niko Fedha. Nikamwambia mke wa mchungaji kwamba mimi napandishwa vyeo na sijui nimeajiriwa wapi.

La pili halinichekeshi. Nilimpigia Kavutha kumwuliza kama ndizi zilimfikia. Aliniambia, "Niko kwa shughuli, Mama Ayuma," akakata. Kavutha huyo ambaye akinipigia lazima nitafute kiti kwanza. Patrobas hapokei kabisa. Nyawira, yule wa kibanda cha maziwa, alipokea akaniuliza, "Mama, na leo unauza nini?" Nikamwambia niuze nini na mahindi hayajakomaa.

Nimejiuliza sana kama kuna mtu niliyemkosea siku ya maziko. Labda kuna aliyekosa chakula, au kiti kwenye basi. Usingizi umenihama. Wewe uko karibu nao, nenda uniulizie taratibu. Kama nimekosa niombe msamaha kabla ya Novemba, kwa kuwa chakula cha shukrani hakiliwi na mtu mwenye kinyongo.

Mama yako


Komarock,
30 Juni 2024

Mama,

Natumai u mzima. Mimi niko sawa, uchovu tu. Wiki hii mji haukukalika kwa maandamano.

Usijisumbue kuhusu hao watu. Maisha yamepanda na kila mtu Nairobi amekuwa mkali, hata mimi mtu akinisalimia vibaya naweza kumrukia. Hujamkosea yeyote. Ule ujumbe wa simu ukija tena ufute, na usimwonyeshe mtu.

Kuhusu kitabu, nisamehe, sikukuambia ukweli wote. Maji ya mvua yaliingia yakalowesha kurasa kadhaa. Naandika upya majina kwenye daftari safi, na kazi hiyo inataka utulivu. Tena sioni kwa nini uhangaike nacho. Acha niwapigie wote mimi mwenyewe, niwaalike kwa niaba yako. Wewe pumzika.

Binti yako,
Ayuma


Dandora, kwa Kavutha,
18 Agosti 2024

Ayuma,

Salamu. Ukiangalia hapo juu utaona sikuandikii kutoka nyumbani. Niko Dandora, mlango wa pili kutoka ule tuliokuwa tukiishi. Leo ni siku yangu ya kumi na moja.

Nerima, mke wa Patrobas, amefariki. Kavutha alinipigia akasema, "Nerima amelala. Amua mwenyewe," akakata. Unamjua Nerima. Jioni zote saba za matanga ya baba yako alisimama kwenye sufuria ya ugali na mgongo wake ule mbovu, akakataa kuketi. Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Nilikusudia tukimaliza kumzika nije Komarock nikushtue, nilale kwako siku mbili tatu.

Nilifika matangani saa kumi na moja jioni, na leso yangu na sukari ya kufiwa. Watu walikuwa tele, wote nawajua. Nilisalimia, wakaitikia wakiangalia chini. Hakuna aliyenisogezea kiti, nikasimama. Kitabu kilikuwa kikipitishwa. Msichana aliyekishika akanifikia, nikanyoosha mkono, naye akanipita akampa aliyekuwa nyuma yangu. Nina miaka sitini na moja, Ayuma, na sijawahi kupitwa na kitabu cha matanga.

Patrobas mwenyewe ndiye aliyeniita kando. Hakunigombeza. Alitoa karatasi mfukoni, akasema, "Shemeji, niambie mbele ya Mungu kama hili jina ni lako." Juu kuna jina la kampuni yako. Chini pameandikwa: Mwanachama, Patrobas. Aliyemleta, Muhonja. Na namba ya kitambulisho changu iko pale, haikukosewa hata tarakimu moja. Kumbe nakala uliyoitoa kwa ajili ya kibali cha maziko ulibaki nayo.

Akaniambia ulimpigia mwezi wa tatu. Ulianza hivi: "Mzee, si wewe ndiye uliyesimama na Baba mbele ya tanuru miaka kumi na tisa?" Ni maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika kwenye kitabu. Kisha ukamwambia Mama ameshaingia, anawangoja wenzake. Aliniambia, "Mtoto sikumwamini. Niliamini jina lako."

Na hakuingia peke yake. Yeye ndiye anayeshika mfuko wa kuzikana wa wazee wa kiwandani, pale mtaa wa Baba Dogo. Walikaa, wakasema kama mjane wa Opicho yumo basi hakuna hatari, wakaingiza mfuko. Sasa kampuni inawaambia wangoje, walete watu wengine kwanza. Nerima alipofariki Patrobas alifungua kabati la mfuko akakuta katoni za chai. Sisemi chai yako ndiyo iliyomuua Nerima, alikuwa mgonjwa tangu zamani. Lakini jeneza lake limechangiwa sokoni, na mume wake amezikia watu wengine miaka yote hiyo.

Nilimwambia sikujua. Akasema, "Nataka kukuamini, Shemeji." Anataka tu.

Kavutha amenieleza yaliyobaki. Wote arobaini na watatu uliwapigia. Kumi na saba waliingia, yeye akiwa mmoja wao, na kwa karatasi za wote hao aliyewaleta ni mimi. Usiku wa kwanza alinitandikia kitanda akasema nilale lakini nisimwambie neno. Siku ya tatu ndipo alipoanza kuniuliza kama nitakunywa chai.

Watu walikuja kumlilia baba yako, wakaandika walivyompenda, nawe ukayasoma maneno yao ukitafuta mahali pa kuwashika. Na miezi yote hii nilikuwa nakuuliza nimewakosea nini. Ukanijibu kwamba Nairobi watu wamekuwa wakali. Nimeumia, Ayuma. Nimeumia kuliko siku tuliyomzika.

Kesho narudi Vihiga. Sitapitia Komarock.

Mama yako


Komarock,
25 Agosti 2024

Mama,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu yangu utaipokea, maana simu huipokei.

Siku kumi na moja, Mama. Kutoka kwa Kavutha hadi kwangu ni boda moja, dakika kumi na tano. Nilikuwa nyumbani siku zote hizo. Ungekuja ukanipiga makofi ningekubali. Lakini ulilala kwa jirani ukijua kila kitu, ukala, ukazika, ukaondoka. Hilo nalo linauma, na nitalisema hata kama sina haki ya kulisema.

Sasa nakupa ukweli. Baba alipolazwa ni mimi niliyekaa naye wodini, na wewe unajua. Wateja wa kusuka hawangoji mtu, waliondoka mmoja mmoja. Tulipotoka kuzika basi likawarudisha watu, kila mmoja akashika njia yake, na hakuna aliyenibishia mlango tena isipokuwa Jacky. Alikuja na maziwa, akakaa nami siku nzima. Aliniambia niandike majina mia moja ya watu ninaowajua. Niliandika kumi na moja nikakwama. Akainua macho akaona kitabu juu ya kabati. Akasema, "Ayuma, si hawa hapa, na wameshajieleza wenyewe." Mafunzo ya kampuni yanasema usimpigie mtu kabla hujajua kinachomgusa.

Wa kwanza alikuwa Nyawira. Ameandika kwamba Baba alimnunulia maziwa yote ya kibandani siku mtoto wake alipokuwa mgonjwa. Nilipomsomea alilia, nami nikalia, tukamlilia Baba karibu nusu saa. Nilikuwa nalia kweli, Mama. Kisha nikapangusa machozi nikamwambia habari za chai. Tulipomaliza nilienda nikatapika. Wa pili sikutapika.

Jina lako nililiweka kwa sababu faida ya watu hao ingekufikia wewe kwanza, uwe na chako kila mwezi bila kumwomba mtu. Tena nilijua kwa jina langu wasingeingia. Yote mawili ni kweli na sitachagua moja. Faida haikuja. Ilipanda kwa Jacky, na Jacky alibadilisha namba mwezi wa saba. Nyumba yake ya mtaa wa Lucky Summer ina mpangaji mwingine sasa.

Niambie nifanye nini. Nitafanya chochote.

Mtoto wako wa kwanza,
Ayuma


Vihiga,
15 Septemba 2024

Ayuma,

Salamu. Mimi niko mzima, mahindi nimevuna.

Umelalamika kuhusu zile siku kumi na moja, na una haki kidogo. Nilifika kwenye kijiwe cha boda mara mbili na nauli mkononi. Nilijua nikikuona nitakusamehe kabla hujafungua mdomo, maana wewe ndiye niliyejifunzia kuwa mama, na uso wako ni wa Opicho mtupu. Sikutaka kukusamehe kabla ya wao. Nikarudi kwa Kavutha.

Umeuliza ufanye nini. Pesa sikuulizi, ulizonazo nazijua. Chukua kitabu, uende kwa miguu yako kwa wote arobaini na watatu, walioingia na wasioingia. Kwa kila mlango sema kwamba ulilitumia jina langu, kwamba sikujua, na kwamba unaomba msamaha. Wakikutukana nyamaza. Wakikufukuza, umeshafika, nenda kwa mwingine. Usimpigie mtu simu, simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Ukimaliza, kitabu mwachie Kavutha.

Siku ya shukrani iko palepale. Kama watakuwa wameusikia ukweli kutoka kwenye kinywa kilichowadanganya, nitakuwa na uso wa kusimama. Na kama utaona ni kazi iliyokushinda, niambie mapema. Sitakugombeza hata kidogo, nitakuja niifanye mwenyewe, goti au hakuna goti. Naomba hilo moja tu. Usiniache nisimame mbele yao bila kujua.

Mama yako


Komarock,
27 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Salamu tele. Natumai goti limetulia. Mimi ni mzima na moyo wangu mwepesi, kwa kuwa nimemaliza.

Nimewafikia wote, Mama. Ilinichukua wiki nne. Nimeweka alama nyekundu kwa kila jina ili uone mwenyewe. Nilianza na Mzee Patrobas pale kwake Dandora. Nilimkuta barazani akigongea kiti misumari. Aliacha nyundo, akanisikiliza hadi mwisho, akasema ujana ni moshi. Kisha akanipa chai, ya kawaida, tukacheka kidogo. Nyawira alinikumbatia kabla sijamaliza. Kuna mzee wa Lucky Summer alinimwagia maji ya kuoshea vyombo, nikasimama nikalowa kama ulivyoniagiza. Kavutha peke yake sikumpata, nilimwachia kitabu mlangoni, lakini nitaongea naye siku yenyewe.

Nimerudi kusuka. Nina kiti pale kwa dada mmoja, tunagawana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tarehe 16 nitafika alfajiri nianze kukata vitunguu. Wewe usiguse sufuria, kazi yako itakuwa kusimama na kushukuru tu.

Binti yako akupendaye,
Ayuma


Dandora,
24 Novemba 2024

Ayuma,

Salamu. Hali yako siijui, na namba yako haipatikani. Naomba Mungu uwe mzima.

Nakueleza siku ilivyokuwa kwa kuwa hukuwepo. Kavutha alikungoja na vitunguu hadi saa mbili asubuhi, kisha akavikata mwenyewe. Nami nilimwambia umecheleweshwa na mteja. Hakuniambia kwamba hajasikia kama ulifika kwa mtu yeyote, alidhani nitaumia nikiwa na kazi mbele yangu.

Walikuja watu ishirini na tisa. Sikutegemea hata kumi. Walikaa kwenye viti vya kanisa, wengine wamekunja mikono, lakini walikuja. Patrobas aliketi mbele. Nikasimama na kitabu. Nilipokifungua nikaona alama zako nyekundu, zimenyooka, kila jina na yake, nikapata nguvu ambazo sijawa nazo tangu baba yako aondoke. Nikasema, "Kabla sijawashukuru kwa ajili ya Opicho, nataka niwashukuru kwa kumpokea binti yangu milangoni mwenu. Alikuja kuwaambia ukweli, nanyi mkamsikiliza na aliwakosea. Mungu awabariki." Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi jikoni siku mbili. Nikangoja amina.

Hakuna aliyesema amina. Nyawira alimwangalia jirani yake. Yule mzee wa Lucky Summer alivua kofia akaivaa tena. Nikaangalia kitabu, nikawaangalia wao, nikajua hukufika hata mlango mmoja. Kavutha alinishika leso kwa nyuma kana kwamba nitaanguka.

Ndipo Patrobas akasimama. Alisimama polepole, akakohoa, akasema, "Ni kweli. Kwangu alifika. Alikuja na mkate." Akaketi. Kisha Nyawira akasema, "Hata kwangu." Nyuma yake mwingine, "Hata kwangu alifika." Ikazunguka uwanja mzima hivyo, mtu baada ya mtu, hata wasiopenda kusema mbele za watu. Mama mmoja akaongeza kwamba ulimkuta mvua inaanza ukamsaidia kuanua nguo. Mzee wa Lucky Summer akasema alikukaribisha uji. Nami nilisimama pale nikiitikia asante, asante, machozi yakinitoka, nao wakafanya kama wanaodhani ni ya furaha.

Walikula wakashiba. Kavutha na Nyawira walinivua kitambaa. Jioni nilimfuata Patrobas nje nikamwuliza ni siku gani ulifika kwake. Akasema, "Shemeji, chakula kilikuwa kitamu." Sikumwuliza tena. Nyumba ile ya Dandora uliyosema ulimkuta akigongea kiti aliihama tangu mwanzo wa Septemba, baada ya Nerima. Anaishi kwa dada yake, Lucky Summer. Ningeuliza mtu yeyote ningejua. Sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekuamini.

Kitabu ulikitumia kabla hatujakubaliana chochote, na njaa ilikuwepo, nimejaribu kuelewa. Hii ya pili sina nilichokielewa. Nilikuomba uniambie tu kama imekushinda. Ungeandika mstari mmoja. Badala yake ulikaa ukabuni nyundo na misumari, ukaweka alama arobaini na tatu kwa mkono wako, ukanisimamisha. Watu uliowadanganya wamesema uongo kwenye uwanja wa kanisa ili nisiaibike mimi. Nimelia kwa ajili yao wiki nzima, na kwa ajili yako bado sijaweza.

Nimekodi chumba hapa, ploti ya Kavutha, mlango wa mwisho. Juzi alifariki mtu nyumba ya tatu, nimeenda, nimepewa kiti.

Kitabu nakurudishia pamoja na barua hii. Utaenda lini sijui, na sitakuuliza tena, wala sitaandika tena. Lakini ukienda anza na Patrobas, na usiende mikono mitupu. Beba mkate, maana amesema mbele za watu kwamba ulikuja nao, na mzee yule hakuwa mwongo. Yule mama wa nguo mngoje siku ya mawingu. Kwa mzee wa Lucky Summer akikupa uji, unywe wote.

Kwangu uje mwisho.

Mama yako